Kuzuru Mji kwa Basi la Kukodi

Mtu akisoma kitabu hutakiwa akitolee hukumu: lipi limesemwa vema, lipi limesemwa vibaya, na lipi limeachwa. Hukumu ya namna hiyo huitwa uhakiki. Vijana wengi hudhani ya kuwa uhakiki ni wa vitabu peke yake. Lakini kila jambo lililotungwa kwa nia ya kuwafundisha watu laweza kuhakikiwa. Safari ya masomo ni mojawapo. Ina mwanzo, kati na mwisho, ina msimulizi, ina mambo anayochagua kuyasema na mengine anayoyanyamazia. Katika insha hii nataka kuihakiki safari moja ya basi la kukodi, iliyotoka Voi kwenda kuzuru mitaa ya kale ya Mombasa. Nilikuwa mmoja wa walimu walioitengeneza, kwa hiyo lawama yoyote nitakayoitoa inanigusa mimi kwanza.

Haki yataka tuanze na sifa. Kutoka Voi hadi Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150. Kwa kijana aliyelelewa Sagalla, Mgange au Wundanyi, ambaye mzazi wake hupata karo kwa taabu, bahari yaweza kuwa karibu kwa ramani na mbali kwa mfuko. Basi likikodiwa na watu 50, gharama hugawanyika hata ikabebeka. Mwalimu huweza kuwahesabu wanafunzi wake wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na wazazi hulala usingizi. Mwaka 1841, huko Uingereza, Thomas Cook alipowasafirisha watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa nauli ya shilingi moja, alifungua mlango kwa watu wa kawaida ambao hapo awali safari ya matembezi ilikuwa anasa ya matajiri. Basi la kukodi ni mtoto wa fikira ile, wala si mtoto wa kutukanwa.

Tena wazee wetu nao walisafiri kwa makundi. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara ilipita katika nyika ya Taru, mahali pakavu palipoogopwa kwa kiu, ikatua Taita kutafuta maji na chakula. Tofauti ni kwamba mtu wa msafara hakuweza kupita bila kusema na mwenyeji. Alihitaji maji yake, mahindi yake na ruhusa yake. Sisi tuliivuka nyika hiyo kabla jua halijakuwa kali. Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu na Mariakani zilipita madirishani, nasi hatukumhitaji mtu yeyote.

Tulifika Makupa saa mbili na nusu asubuhi, wanachuo 48 na walimu wawili. Hapo alipanda kiongozi tuliyemwajiri, mtu mwenye adabu na sauti nzuri, akashika kipaza sauti. Alituonyesha Pembe za Ndovu, kisha akatupeleka kwenye Ngome ya Yesu. Alisema ya kuwa Wareno waliijenga kati ya miaka 1593 na 1596, kwa ramani iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ya kuwa Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696 hata wakaitwaa mwaka 1698. Yote hayo ni kweli. Basi halikuweza kuingia katika vichochoro vya Mji wa Kale, kwa hiyo tulitembea nusu saa katika Ndia Kuu, mmoja nyuma ya mwingine, tukionyeshwa milango ya nakshi. Baada ya hapo tulivuka daraja la Nyali, tukaenda ufukoni kula na kuoga. Jioni tukarudi Voi tukiimba.

Wiki iliyofuata nilitaka kila mwanachuo aandike insha juu ya mji aliouona. Nilipozisahihisha nilistaajabu. Insha 47 zilikuwa kama zimeandikwa na mtu mmoja. Zote zilianza kwa Wareno, zikaisifu milango, zikamalizia kwa upepo wa bahari. Maneno ya kiongozi yalirudi neno kwa neno, pamoja na mzaha wake. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa Mombasa aliyesema neno katika insha hizo. Mwanzoni niliwalaumu waandishi kwa uvivu. Baadaye nilijiuliza: wangeandika nini kingine, na sisi tumewaonyesha nini?

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kwanza ya safari yetu: iliupa mji sauti moja. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari wa riwaya hujua nani alikufa na nani alioa, lakini hajaisoma riwaya. Kadhalika wanachuo wetu walipata muhtasari wa Mombasa, na muhtasari wenyewe ulianza katikati. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, zaidi ya miaka 260 kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa. Aliwakuta watu wacha Mungu, wala ndizi na samaki, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498 aliukuta mji wenye mfalme na biashara yake. Wenyeji wana hesabu yao ya asili, Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: tisa upande mmoja, na upande wa pili matatu, ndiyo Kilindini, Tangana na Changamwe. Habari hizi hazikutajwa. Hata habari ya Ngome ilikatwa kabla ya mwisho, kwa maana haikusemwa ya kuwa Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Tulipovuka daraja la Nyali tukapita karibu na Kengeleni, mahali palipopata jina lake kwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. James Mbotela, aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, alitoka katika jamii ya watu hao. Kitabu kilikuwamo katika maktaba yetu. Mahali penyewe tulipapita tukiwa tunafungua vyakula.

Kasoro ya pili ni ya kimo na mwendo. Aliyeketi katika basi humtazama mwenye mji kutoka juu, naye hupita kabla hajajibiwa salamu. Mji wa Kale haukujengwa kwa macho ya namna hiyo. Vichochoro vyake ni vyembamba kwa sababu vilikusudiwa mtu aendaye kwa miguu, punda na hamali, na kuta ndefu huwapa wote hao kivuli. Watu 50 wakisimama pamoja humo kusikiliza hotuba, njia huziba na mtaa huacha kuwa mtaa. Nilimwona hamali mwenye mkokoteni wa magunia akisubiri kwa subira hata tumalize kuutazama mlango. Sisi tuliokwenda kuona maisha ya mji tulikuwa tumeyasimamisha.

Sasa nije kwa insha ya arobaini na nane. Tulipohesabiana ili tuondoke Mji wa Kale, tulimkosa msichana mmoja. Tulimngoja dakika 40. Alipokuja akikimbia nilimkemea mbele ya wenzake kwa maneno makali, na njia nzima ya kurudi alikaa kimya. Insha yake ilieleza yaliyotokea. Mkokoteni ule ulipopita, yeye alijibanza kando akajikuta kwenye baraza ya nyumba, mbele ya ajuza aliyekuwa akikaanga viazi vya karai.

“Shikamoo, bibi,” alisema.

“Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?”

“Natoka Voi.”

Yule bibi akaweka mwiko chini. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, akakaa Voi miaka mingi, na utoto wake wote jina la Voi lilikuwa jina la mahali panapotoka barua, ndizi na maharage ya Taita. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901, kwetu ni somo la historia. Kwake ilikuwa njia aliyorudia baba. Alimkaribisha mgeni aketi, akamweleza ya kuwa baraza huwekwa nje ili mgeni apokewe kwa heshima bila ya faragha ya nyumba kuvunjwa. Akamtajia mitaa, Kibokoni na Kuze, na watu waliokaa humo. Na katika kusema kwake alitamka *ndia* kwa njia, *mato* kwa macho, *nti* kwa nchi.

Jambo hili la mwisho ndilo lililomgusa yule msichana. Darasani alikuwa ameyakariri maneno hayo katika mashairi ya kale, akidhani ni lugha ya wafu. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa aliyeishi katika zama za Mazrui kabla utawala wao haujaanguka mwaka 1837, alitunga kwa lahaja ya mtaani kwake, Kimvita, juu ya vita, mapenzi, njaa na mambo ya kila siku. Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla, ambao diwani zao zimesomwa sana mashuleni, nao ni wana wa mji huo. Msichana aliandika ya kuwa alipomsikia bibi yule akisema, alielewa kwamba ushairi ule haukuokotwa kamusini, bali ulichotwa barazani. Nimefundisha fasihi miaka kadhaa. Sijapata kulieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Huenda msomaji akasema: je, wote 48 wangepotea ili wapate insha nzuri? La. Safari haiwezi kutegemea bahati ya mkokoteni, na mwalimu asiyewahesabu watoto wa watu hafai kupewa watoto wa watu. Yule msichana alifanya kosa la kutotoa habari. Lakini kosa lake lilikuwa dogo, na letu lilikuwa kubwa zaidi, maana sisi tulipanga siku nzima ambayo ndani yake hapakuwa na nafasi ya kuzungumza na mwenyeji ila kwa kuvunja amri.

Kama bado huoni ubaya wa jambo hili, geuza safari. Fikiri basi linatoka Mombasa kuja kwetu. Linapita lango la Voi kutazama ndovu wa Tsavo, linasimama kwenye makaburi ya askari wa vita vya 1914 hadi 1918, kiongozi anataja vita vya Salaita, kisha linaondoka. Halipandi Sagalla. Hakuna anayewauliza wazee habari za watu wa Kasigau, waliohamishwa na serikali ya Waingereza kwa nguvu mwaka 1915 na kupelekwa Malindi, wengi wao wakafia ugenini. Vijana wale wangerudi kwao waandike ya kuwa Taita ni nchi ya ndovu na makaburi. Tungekasirika, na haki ingekuwa yetu. Basi tusiwatendee wa Mombasa tusilotaka kutendewa.

Dawa haina gharama kubwa. Basi na lituchukue, kisha liegeshwe nje ya mji wa kale, na kazi yake iishie hapo hadi jioni. Wanafunzi wagawanywe sita sita, kila kundi na mtaa wake na kiongozi wake. Watangulize salamu, waombe idhini kabla ya kupiga picha, wasizibe njia, wasichungulie nyumba za watu. Kila kundi liende na swali moja la kumwuliza mzee mmoja, na nyumba ya huyo mzee itafutwe kabla ya safari. Kiongozi mwenye tarehe apewe saa ya mwisho badala ya saa ya kwanza, ili tarehe zake ziwakute wasikilizaji waliokwisha kuwa na maswali. Na ufuko wa Nyali uachwe kwa siku nyingine, bahari haihami.

Siku nilipozirudisha insha, nilisimama mbele ya darasa lile lile lililosikia ukali wangu, nikamwomba radhi yule msichana, kisha nikamtaka asome insha yake kwa sauti. Alisoma polepole. Alipomaliza, mwanachuo mmoja aliuliza kama bibi yule alisema jina la baba yake, kwa kuwa babu yake mwenyewe alifanya kazi ya reli Voi, na yamkini walijuana. Msichana akajibu ya kuwa hakuwahi kuuliza. Alisikia basi likipiga honi.