Nafasi ya Nane: Hesabu ya Drafti ya Fantasy Hapa 56

Kosa linalowaangusha wengi kwenye drafti ya Fantasy, ambako mameneja huchagua wachezaji kwa zamu, ni kumchagua mchezaji bora aliyebaki. Masikioni linasikika kama busara: zamu imefika, orodha iko kwenye simu, mwenye pointi nyingi yuko juu, mchukue. Lakini anayeijua drafti hatazami pointi peke yake. Anatazama pengo, yaani tofauti kati ya mchezaji anayemwona sasa na yule atakayemkuta kwenye nafasi hiyohiyo ya uwanjani zamu yake itakaporudi. Pengo likiwa kubwa, anachagua. Likiwa dogo, anasubiri, hata kama jina lililo mbele yake linang'aa.

Niliyoandika hapa ni kwa makundi madogo, ya aina inayokaa pamoja Jumamosi kutazama mpira hapa Kawangware, kuanzia steji ya 56 kushuka Congo na Gatina: makanga wa matatu za 46, mwenye duka la simu, fundi wa mjengo, jamaa anayekuja kutoka Olympic kule Kibera. Wengi wao wanacheza Fantasy Premier League ya kawaida, ile ya bajeti ya milioni 100. Shida ya ile ya kawaida ni kwamba watu wanane wanaweza wote kuwa na Haaland. Ikifika Oktoba timu zinafanana, na ubishi wa kibandani unabaki kuhusu nahodha tu. Drafti, ambayo Ligi Kuu ya Uingereza iliianzisha rasmi msimu wa 2017/18, haina bajeti wala nahodha. Kila mchezaji ana mwenyewe mmoja ndani ya ligi. Ukimchukua Haaland, wenzako saba wameshamkosa. Kwa kundi la watu wanaojuana, sioni mchezo ulio bora kuliko huu, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiuingia bila hesabu.

Hesabu yenyewe inaanza na idadi. Kila meneja anajaza kikosi cha watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Mkiwa wanane, wanaochukuliwa ni 120, na kati yao washambuliaji ni 24. Sasa hesabu timu za Ligi Kuu: ziko 20, na nyingi zinasimamisha straika mmoja. Maana yake straika wa kuanza, yule mwenye uhakika wa dakika, huenda wasitoshe hata ligi ya watu wanane. Mabeki ni kinyume. Timu 20 zikianza na mabeki wanne wanne, hao ni 80, nanyi mnahitaji 40. Makipa wa kuanza ni 20, nanyi mnaingiza wanane tu uwanjani kila wiki. Kabla hujataja jina la mtu yeyote, idadi imeshakuambia ukame uko wapi. Mkiongezeka hadi 16, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa, mtatafuta washambuliaji 48 na mtajikuta mnagombania watu wanaoingia dakika ya 80.

Cha pili ni mpangilio wa zamu. Mzunguko wa kwanza unaenda kutoka wa 1 hadi wa 8, wa pili unageuka na kuanza na wa 8, wa tatu unarudi tena. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kwanza anapata chaguo la 1, la 16, la 17, la 32, la 33. Mwenye nafasi ya nane anapata la 8 na la 9 kwa mpigo, kisha la 24 na la 25, la 40 na la 41. Watu hununa wakipewa nafasi ya nane, na hawana sababu. Unachagua wawili wawili, lakini kati ya jozi moja na nyingine wenzako wanachukua wachezaji 14. Swali lako si nani bora. Ni nafasi ipi ya uwanjani itakayokauka ndani ya hao 14.

Tujaribu kwa msimu wa 2024/25, kwa sababu umeisha na pointi zake hazibadiliki. Tuwaketishe watu wanane Agosti 2024, siku chache kabla ya Manchester United na Fulham kufungua msimu tarehe 16. Kila mmoja ana jedwali la pointi za msimu uliotangulia. Waliovuka pointi 200 ni saba tu: Cole Palmer 244, Phil Foden 230, Ollie Watkins 228, Bukayo Saka 226, Erling Haaland 217, Son Heung-min 213 na Mohamed Salah 211. Watano kati yao ni viungo, wawili ni washambuliaji. Tuseme chaguo saba za kwanza zinawamaliza hao saba. Wa nane anafika mezani na mapochopocho yameisha.

Hapo ndipo wengi wanaharibu. Jedwali linamwonyesha viungo wenye pointi za 180 na kitu, na chini yao kidogo washambuliaji kama Dominic Solanke 175 na Alexander Isak 172. Mkono unakimbilia kiungo kwa sababu ana pointi nyingi zaidi. Lakini viungo wazuri bado ni wengi, na chaguo la 24 litamkuta kiungo asiyepungukiwa sana. Washambuliaji wa uhakika ni wachache, na wenzake saba wote bado wanahitaji angalau mmoja. Akiacha sasa, akirudi atakuta makombo. Basi achukue mshambuliaji hapohapo, ikiwezekana wawili.

Na kama ni mmoja, nani? Jedwali linasema Solanke, kwa pointi tatu. Mimi nasema hapana, na hapa nawaomba wasomaji watulie kidogo kwa sababu hesabu hii ndiyo inayotenganisha mameneja. Solanke alizipata pointi zake kwa mechi zote 38, akiwa na mabao 19. Isak aliumia katikati, akacheza mechi 30, akafunga 21. Gawanya: Solanke anapata kama 4.6 kwa mechi, Isak kama 5.7. Mechi 8 ambazo Isak hayupo haziendi bure, maana kuna mtu wa benchi anaingia badala yake, beki au kiungo, naye hata akileta pointi 3 kwa mechi, hizo ni 24. Nafasi ya Isak kwenye kikosi chako ilikuwa na thamani ya kama 196, si 172. Zaidi ya hapo, Isak alikuwa mpiga penalti wa Newcastle, na Solanke alikuwa amehamia Tottenham wiki hiyohiyo, timu mpya na mfumo mpya.

Msimu ulivyokwenda, Isak alifunga mabao 23 na kumaliza na pointi 211. Solanke alifunga 9 kwenye ligi. Sidai kwamba hesabu iliyajua majeraha ya Solanke. Ninachodai ni kwamba ilikuwa na sababu ya kumpendelea Isak kabla mpira haujapigwa, wakati jedwali lilisema kinyume.

Tazama pia yaliyowapata wale saba wa juu. Salah alivunja rekodi ya mchezo mzima kwa pointi 344, mabao 29 na asisti 18. Palmer alifika 214. Watano waliobaki walishuka wote chini ya 200: Foden na Son walifunga mabao saba saba kwenye ligi, Saka aliumia msuli wa paja Desemba akakaa nje hadi Aprili, Haaland alifunga 22 lakini akakosa wiki kadhaa. Kwa hiyo anayechagua kwa kunakili jedwali la mwaka jana ana karata mbili nzuri kati ya saba. Jedwali litumie kujua wenzako watafanya nini, maana wao wanalifuata, kisha wewe ufanye hesabu yako.

Turudi kwa meneja wetu wa nane. Amemchukua Isak na pengine Solanke, hawezi kupatia yote. Wachezaji 14 wanapita, zamu inarudi kwenye la 24 na la 25. Sasa anataka viungo, na kipimo changu kwa kiungo ni kimoja kabla ya vingine: nani anapiga penalti na mipira iliyokufa? Bao la kiungo lina pointi 5 dhidi ya 4 za mshambuliaji, na klinishiti, yaani timu yake isipofungwa, inampa 1 juu yake. Kiungo anayecheza kama straika na kupiga penalti ni dhahabu. Agosti 2024 tetesi za Ivan Toney kuondoka Brentford zilikuwa kila mahali. Mpiga penalti anayemfuata alikuwa Bryan Mbeumo, Mkameruni ambaye msimu uliotangulia alikuwa ameumia kifundo cha mguu na kufunga 9 katika mechi 25. Jumla yake ilikuwa ndogo, ndiyo maana angeweza kufika chaguo la 24. Toney akaenda Saudia mwisho wa Agosti, Mbeumo akafunga mabao 20, pointi 236, wa pili nyuma ya Salah kwenye mchezo mzima. Ni hesabu ileile ya Isak: pointi kwa mechi, kisha uliza nani anaweka mpira kwenye nukta nyeupe.

Straika wa tatu ndiye anayesahaulika. Kufikia chaguo la 56 na la 57 wengi wanajaza mabeki, na washambuliaji waliobaki ni vijana wenye sifa za mitandaoni na wazee wenye dakika. Mchukue mzee. Chris Wood wa Nottingham Forest alikuwa na miaka 32 na mabao 14 katika mechi 31 za msimu uliotangulia. Jina lake halikumsisimua mtu. Alifunga 20 na kufikisha pointi 200. Anayeanza kila wiki kwenye nafasi iliyokauka ana thamani kuliko kipaji kinachosubiri benchini.

Mabeki nitawapita haraka, ila kuna badiliko moja la kuzingatia. Tangu msimu wa 2025/26, beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi kwenye mechi, yaani kuondoa hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukaba, anapata pointi 2. Viungo na washambuliaji wanahitaji 12, lakini wao wanahesabiwa pia mipira waliyoirudisha mikononi mwa timu. Hii imewainua mabeki wa kati wa timu ndogo, wanaoshambuliwa dakika 90, na imewainua viungo wakabaji waliokuwa hawana bei. Kila nikiisoma kanuni hiyo namfikiria Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, pale Southampton na Tottenham. Kazi aliyoifanya katikati ya uwanja Fantasy haikuilipa hata kidogo. Leo angechaguliwa mapema.

Makipa waache mwisho kabisa. Tofauti kati ya kipa wa tatu na wa kumi kwa msimu mzima ni ndogo, na unamwanzisha mmoja. Matz Sels wa Forest aligawana tuzo ya klinishiti nyingi na David Raya msimu wa 2024/25, wote wakiwa na 13, na Agosti 2024 hakuna aliyekuwa akimkimbilia.

Usiku wa drafti wenyewe, andika orodha yako ndani ya programu mapema, ya wachezaji wasiopungua 40. Kila zamu ina saa inayohesabu sekunde, na muda ukiisha mfumo unakuchagulia wenyewe, ukianza na orodha yako kama ipo. Hapa kwetu bando linaweza kukata na tokeni za stima zikaisha mzunguko wa nne. Mwenye orodha anapoteza kidogo. Asiye nayo anaamka na kipa wa pili kwenye chaguo la 41.

Drafti ikiisha, kazi inahamia kwenye foleni. Wachezaji wasio na mwenyewe huombwa kila wiki, na maombi hushughulikiwa saa 24 kabla ya kikosi kufungwa. Kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ikiwa Jumamosi saa sita na nusu ya London, basi kwetu kikosi hufungwa saa saba mchana majira ya joto yao na saa nane majira ya baridi, na foleni Ijumaa saa kama hizo. Anayeburura mkia kwenye ligi yenu ndiye anayetangulia kuhudumiwa, kwa hiyo aliye chini Septemba ana silaha ambayo kiongozi hana.

Mfano mkubwa ni Palmer. Msimu wa 2023/24 ulianza tarehe 11 Agosti, yeye akiwa kijana wa benchi Manchester City. Alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba, ligi nyingi zikiwa zimeshachagua. Bao lake la kwanza Chelsea lilikuja tarehe 7 Oktoba dhidi ya Burnley, kwa penalti. Zaidi ya mwezi mzima mchezaji ambaye angeongoza Fantasy yote kwa mabao 22, tisa yakiwa ya penalti, alikuwa akiokotwa bure na yeyote aliyeona kwamba sasa anapata dakika. Baada ya Burnley, aliyemtaka ilibidi apige simu kwa mwenzake na kutoa mchezaji wa maana kumbadilisha.

Kwa hiyo kila Alhamisi jioni fungua kikosi chako na umtafute mtu wa kumi na tano, yule usiyeweza kumwanzisha hata ukilazimishwa. Huyo ndiye nauli yako kwenye foleni. Weka maombi matatu au manne kwa mpangilio, ukianza na mchezaji aliyebadilisha timu au aliyekabidhiwa penalti wiki hiyo, na uyaweke kabla ya Ijumaa saa sita, wakati wenzako bado wako kazini wakidhani wana muda hadi Jumamosi.