Sifa ya Arzuhali

Wengi wakiusifu uwakili husifu ulimi, yaani ule ufasaha wa kusimama mbele ya majaji na kuyapanga maneno hata wasikilizaji wakasahau shauri lenyewe. Mimi nasifu kalamu, na katika wenye kalamu namtanguliza Bi Pushpa Kapila Hingorani, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, akasoma sheria Cardiff, kisha akafanya kazi katika Mahakama ya Juu ya India huko Delhi, zama ambazo wanawake waliovaa joho pale walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Januari 1979 gazeti la Indian Express lilieleza hali ya mahabusu katika magereza ya Patna na Muzaffarpur, jimbo la Bihar: wanaume, wanawake na hata watoto, waliowekwa kungojea kesi isiyofika, baadhi yao kwa miaka mingi kuliko kifungo kirefu kabisa ambacho wangalipewa lau wangalihukumiwa, na wengine, ajabu iliyoje, walikuwa wanawake waliodhulumiwa wao, wakatiwa gerezani ati wahifadhiwe. Waliosoma walisikitika, wakalikunja gazeti. Bi Hingorani na mumewe, wakili mwenziwe, waliandika arzuhali.

Hapo ndipo penye ufundi. Ada ya sheria ilitaka arzuhali ya kumtoa mfungwa iletwe na mfungwa mwenyewe au jamaa yake, pamoja na hati ya kumpa wakili idhini. Na mafukara wale, waliokosa hata fedha ya dhamana, wangejuaje kwamba yuko mtu Delhi anayewataja? Yeye alileta habari ya gazeti, na Jaji P. N. Bhagwati na wenziwe wakaipokea, wakaiamuru serikali ya Bihar ilete orodha ya mahabusu na muda waliokaa, mwaka kwa mwaka. (Dola huvumilia lawama, hesabu huiona nzito.) Ikahukumiwa kwamba kuhukumiwa bila ya kuchelewa ni sehemu ya haki ya uhai, na waliofunguliwa nchini hutajwa kuwa wapatao 40,000.

Baadaye alimtetea mtu wa Bihar aliyeachiwa na mahakama mwaka 1968, naye asitoke gerezani hata 1982. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikafanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka, ikaiamuru serikali imlipe rupia 30,000 juu ya 5,000 alizokwisha kupewa. Nimezigawanya kwa ile miaka 14: zatoka rupia 2,500 kwa mwaka.