Gari Limeng'aa, Lakini Rangi Imebaki Kiasi Gani?

Gari lolote likipakwa mafuta hung'aa. Anza na hilo kichwani unapompelekea gari fundi wa polishi, iwe Nalufenya pale Jinja, iwe Mbale mjini. Mng'aro wa siku ya kuchukua gari haukuambii lolote kuhusu kazi iliyofanyika. Kinachopimwa ni rangi iliyobaki juu ya bati baada ya mashine kupita, na jinsi uso wake unavyoonekana juani ukiwa mtupu, bila nta wala mafuta ya kuuficha. Fundi mzuri huondoa kile kidogo tu kinachotosha, na ana ujasiri wa kumwambia mwenye gari, "Huu mkwaruzo, mzee, tuuache."

Sababu iko kwenye unene. Juu ya bati la gari lililotoka kiwandani kuna tabaka la kuzuia kutu, la praima, la rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Yote kwa pamoja ni mikroni 100 hadi 150 hivi. Klia peke yake kwa kawaida ni 40 hadi 50, wakati unywele wa mtu una kama 70. Polishi nyepesi hula mikroni moja au mbili. Ukikata kwa pedi ya sufi na dawa kali, zinaondoka nne, tano, na msasa wa maji huondoa zaidi. Sasa piga hesabu ya gari linalopigwa mashine kwa nguvu kila mwaka ili liende kijijini Krismasi likiwa linameremeta. Baada ya miaka kadhaa klia inakuwa imekwisha juu ya boneti na paa, kisha yanatokea yale mabaka meupe yanayobanduka ambayo hakuna polishi inayoyatibu. Jinja iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,100, na jua la pale huimaliza haraka klia iliyokondeshwa.

Mikwaruzo yenyewe inatoka wapi? Mingi inatoka kwenye kuoshwa. Vumbi jekundu la maramu lina chembe za mchanga mgumu kuliko rangi yoyote ya gari. Kijana anapofuta mlango kwa kitambaa kikavu, au kwa kipande kilekile cha fulana alichotoka kusugulia rimu, anazisaga chembe hizo juu ya klia kwa mzunguko wa mkono wake. Alama zinazobaki ni utando wa buibui unaouona ukilizunguka jua linapojiakisi kwenye boneti. Huku mashariki mwa Uganda kuna chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii: miwa. Kwenye njia nyembamba za mashamba yaliyoizunguka Kakira, majani ya miwa huinama barabarani na kuyasugua magari ubavuni. Kingo zake zina vimeno vidogo vyenye silika, na huacha mistari mirefu ya kulala inayoanzia mlango wa mbele mpaka nyuma. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi ni ya juujuu na hutoka vizuri. Mwiba wa kichakani ni habari nyingine. Mstari wake ni mmoja tu, mfupi, na umeingia ndani.

Tofauti hiyo utaijua kwa kucha. Osha sehemu, ikaushe, kisha pitisha kucha polepole ukiukata mstari. Kucha ikiteleza bila kunasa, mashine itauondoa au itaufifisha mpaka usionekane. Ikinasa, mkwaruzo umeingia mno. Kuufuta kabisa ni kushusha klia yote inayouzunguka hadi kina chake, na hapo ndipo magari huharibiwa na mafundi wanaotaka kufurahisha. Mstari ukionyesha rangi ya kijivu au bati ndani yake, achana na mashine. Hapo panahitaji rangi.

Jua pia historia ya gari lako kabla hujamruhusu mtu kuligusa. Magari mengi ya hapa yametumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa na kuingizwa kupitia Malaba au Busia, na tangu Uganda ilipopiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15, mengi huja na rangi ambayo bado ina uhai. Kama bado unayo karatasi ya mnada wa huko Japani, isome. Herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, na W ni sehemu iliyokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi upya. Namba inayofuata huonyesha ukubwa wa tatizo. Sehemu yenye W haipigwi kama nyingine. Fundi makini ana kipimo cha unene wa rangi, kidude cha kushika mkononi, na huanza nacho kabla hajachomeka mashine kwenye umeme. Paa likisoma 110 na mlango ukasoma 280, mlango huo umerudiwa rangi. Ukisoma 1,000, chini yake kuna puti. Bampa la plastiki kipimo hicho hakilisomi, na plastiki hutunza joto, kwa hiyo hapo fundi hutumia mwendo mdogo na kugusa kwa kiganja kila mara.

Kuna mambo mawili kuhusu Toyota. Nyeupe ya namba 040 na nyeusi ya namba 202, ambazo utazikuta zimeandikwa kwenye kibati cha gari, kwa miaka mingi zilipakwa kwenye modeli nyingi bila klia juu yake. Gari la namna hiyo likipigwa mashine, pedi hugeuka nyeupe au nyeusi, na hakuna kilichoharibika. Lakini gari lenye klia pedi yake ikianza kushika rangi, kazi isimame papo hapo, maana klia imetobolewa. Mwombe fundi akuonyeshe pedi. Anayeificha ana sababu. Ile 202, zaidi ya hayo, ni laini mno: kitambaa kisicho safi tu kinatosha kuichora, na fundi aliyeizoea humalizia kwa sponji laini kabisa bila kukandamiza.

Ukipata nafasi, kaa utazame kazi yenyewe. Mimi huangalia kwanza waya wa umeme. Fundi aliyefundishwa akafundika huupitisha begani ili usiburutike juu ya fenda anayoishughulikia, na hufunika bizimu ya mkanda wake kwa aproni. Kisha natazama maandalizi. Gari limeoshwa, likapitishiwa ule udongo maalumu unaonasa lami na chembe za chuma zilizojichimbia kwenye rangi? Mipira ya vioo, plastiki nyeusi na kona za milango zimefunikwa kwa tepu ya karatasi? Kwenye kona na mikunjo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, na pedi inayozunguka hukandamiza kwa nguvu zake zote pale. Kona iliyoungua haina dawa.

Halafu kuna kiraka cha majaribio, na hapa sina subira na fundi asiyekifanya. Anachagua sehemu ya boneti kama nusu mita kwa nusu mita, anaanza na pedi laini na dawa nyepesi, anafuta, anatazama kwa tochi. Isipotosha ndipo anapanda ngazi moja. Hakuna rangi mbili zinazofanana ugumu, na njia pekee ya kujua gari hili linahitaji nini ni kuliuliza kwa kile kilicho chepesi kwanza. Anayefungua kopo la dawa kali zaidi kabla hajajaribu kitu amekwisha kuamua kula rangi yako.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Rotari huzungusha pedi moja kwa moja. Inakata haraka, inapasha joto haraka, na mkononi mwa mtu asiyeijua huchoma. Kwa kumalizia haihitaji kuzidi mizunguko 1,500 kwa dakika. Aina ya pili huzungusha pedi na papo hapo kuiyumbisha. Ni ya polepole lakini husamehe makosa. Nimeona kazi safi sana ya rotari, kwa hiyo simhukumu mtu kwa mashine yake. Namhukumu kwa mkono: matone machache ya dawa, mwendo wa taratibu, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na pedi ikisafishwa kwa brashi kila baada ya eneo. Afanye kazi hiyo kivulini, kwa sababu bati la moto hukausha dawa kabla haijasaga. Na aifanye kwa muda. Gari zima likirekebishwa na mtu mmoja linachukua siku nzima, pengine mbili. Lililokamilika kwa saa moja limepakwa nta tu.

Sasa mtihani wa kupokea. Dawa nyingi za polishi zina mafuta, na baadhi zimetengenezwa makusudi kuijaza mikwaruzo isionekane mpaka sabuni ya mara mbili tatu iyaondoe mafuta hayo. Kwa hiyo nenda na spiriti, ichanganye nusu kwa nusu na maji, nyunyiza juu ya boneti na ubavu mmoja, na ufute kwa kitambaa laini na safi bila kukandamiza. Subiri dakika chache. Litoe gari kivulini, litazame jua likijiakisi kwenye rangi, kisha sogea hatua mbili kushoto, mbili kulia. Utando ukirudi, ulifunikwa tu, haukuondolewa. Ukiona mawimbi ya mwanga yanayotembea pamoja nawe, hiyo ni alama ya rotari iliyoachwa bila kumalizwa kwa pedi laini. Mrudishie, hilo linarekebishika. Chungulia nyuma ya vitasa vya milango, pale kucha na pete zinapochora, maana mashine haifiki na lazima pafanywe kwa mkono. Tazama pia kwenye maungio ya milango na herufi za nyuma kama kuna unga mweupe uliokauka. Unga haudhuru rangi, ila unakwambia fundi alikuwa na haraka, na kama alikuwa na haraka pale unapopaona, fikiria pale usipopaona.

Mkwaruzo mmoja mmoja wa kina ukibaki kwenye gari ambalo vinginevyo ni safi, usilalamike. Huyo fundi ameheshimu rangi yako. Rudi kwake.

Baada ya hapo kazi ni yako. Vumbi lilainishwe na kuondolewa kwa maji ya mpira kabla kitambaa chochote hakijagusa bati, ndoo ya sabuni isiwe ndiyo ya kusuuzia, na rimu ziwe na kitambaa chake. Nunua vitambaa vyako mwenyewe, viweke ndani ya buti, na umpe kijana wa kuosha avitumie hivyo tu. Na usimlipe fundi wa polishi kabla hujafuta kwa spiriti.