Mwanagenzi wa Herufi

Katika vibanda vya Kariobangi Light Industries, Nairobi, kijana anayekuja kujifunza kuchomelea hapewi mashine siku ya kwanza. Hupewa ufagio. Hufagia vumbi la chuma, hushikilia bomba fundi anapolikata, hutumwa chai, na kwa wiki nyingi kazi yake kubwa ni kutazama. Nimepita hapo tangu utotoni, na ndipo nilipoanza kuuona udugu wa maneno ambao darasani hatukuambiwa: fundi na mwanafunzi wametoka katika kitenzi kimoja, kufunda, kile kile cha mwari anayefundwa kabla ya kutolewa nje. Tena mwanafunzi ni mwana. Anayetaka ufundi hukubali kwanza kuwa mtoto wa mtu.

Ndiyo maana nikitaka kuusifu ufundi wa kusoma, simwendei profesa. Namwendea mzee aliyemalizia masomo yake mtaani kwetu.

Kimani Ng'ang'a Maruge hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Aliamini alizaliwa 1920. Alipigana katika vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, akalima, akapata watoto na wajukuu, na muda wote huo hakuwa ameketi darasani. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Mzee aliposikia kwamba elimu ni bure kwa wote, akalichukua neno hilo lilivyo. Januari 2004, akiwa na miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, shule waliyosoma pia wajukuu wake wawili. Kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika kuwa mtu mzee kuliko wote duniani kuanza shule ya msingi.

Alikwenda na sare: kaptula, na soksi zilizovutwa hadi magotini. Picha hiyo imezunguka dunia, na wengi huitazama kwa tabasamu. Mimi huitazama kwa heshima. Kwa mzee wa Kikuyu aliyepita jandoni miongo mingi nyuma, kaptula ni vazi la wavulana. Aliivaa kwa sababu ndiyo sheria ya shule, kama yule kijana wa vibandani anavyoushika ufagio.

Sababu zake zilikuwa za mtu anayejua atakalo. Alitarajia kwamba siku moja wapiganaji wa Mau Mau wangelipwa fidia, naye alitaka kuzihesabu hela zake mwenyewe. (Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Maruge alikuwa kaburini tayari.) Ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Alikuwa akimsikiliza mhubiri kanisani, akaanza kushuku kwamba yanayohubiriwa siyo yaliyoandikwa. Akataka aifungue Biblia kwa mkono wake, atazame. Hamu hiyo anaijua mzee wa Kihindu anayejifunza Kisanskriti ili maandiko yake yasimfikie kwa kinywa cha mwingine, na anaijua bibi wa Lamu anayefuata aya kwa kidole, herufi kwa herufi.

Kusoma ukubwani ni kazi ya mwili. Nililiona hilo kwa shosho wangu, aliyenikalisha mezani nikiwa darasa la nne akaniambia, "Mjukuu wangu, leo wewe ndiwe mwalimu." Mkono uliozoea mpini wa jembe huikaza penseli mpaka karatasi inatoboka. Macho huitaka karatasi mbali, na taa iwe karibu. Silabi zenyewe hazikumsumbua sana, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya ukarimu: ukishazijua ba, be, bi, bo, bu, hakuna siku zitakapokugeuka. Kilichomchosha ni kukosea mbele yangu, kufuta, kukosea tena mahali pale pale. Hata hivyo hakuwahi kunificha ukurasa. Aliugeuza upande wangu kila mara, na makosa yake yote juu yake, akingoja nimwonyeshe. Ufundi wake ulikuwa hapo, kabla hajaweza kuandika hata jina.

Maruge alifika mbali zaidi. Shuleni alichaguliwa kiranja mkuu. Septemba 2005 alipanda ndege kwenda New York kuwaambia wakuu wa Umoja wa Mataifa umuhimu wa elimu ya msingi ya bure. Kisha akarudi darasani. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikampokonya mali yake, akaishia kwenye kambi ya waliofurushwa, na bado akatembea kilomita kama nne kwenda shule.

Mwaka 2008 akaletwa Nairobi, katika makao ya wazee. Tarehe 10 Juni akajiandikisha tena, darasa la sita, Shule ya Msingi ya Marura, hapa Kariobangi. Darasa la sita hufundishwa kwa Kiingereza, lugha isiyo na ule ukarimu wa ba na be: kuna herufi zinazoandikwa ili zinyamaziwe. Alikuwa na miaka 88.

Tarehe 24 Mei 2009, katika Kanisa Katoliki la Holy Trinity, Kariobangi, alibatizwa. Huwa narudia mpangilio huo kichwani: miaka mitano ya kusoma kwanza, ndipo maji. Agosti 14 mwaka huo saratani ya tumbo ikamchukua, kabla hajaufikia mtihani wa darasa la nane.

Jina alilolichukua siku ya ubatizo ni Stephen. Lina herufi saba, na mbili kati ya hizo, p na h, huandikwa hivyo na kusomwa v. Mzee wa miaka 89 akawa na jina jipya la kujifunza kuliandika.