Tone la Maji Ndani ya Dhahabu

Ukimtazama mtaalamu wa miamba anayetafuta jinsi magma inavyozaliwa, kwa muda mrefu hutaona moto wowote. Utaona mtu ameinamia meza, ameegemeza kiganja ili mkono usitetemeke, anasukuma unga wa mwamba ndani ya kijineli cha dhahabu chembamba kuliko unyasi. Unga huo ni miligramu chache tu. Kabla yake ameingiza maji kwa sindano, tone dogo lisiloweza kulowesha ukucha. Kisha anabana mdomo wa neli kwa koleo na kuuchomelea.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na nusu sentimita tu chini ya ncha ya moto kuna maji yanayotaka kuchemka. Basi neli huzamishwa kwenye maji baridi au kufungwa kitambaa kilicholowa, mdomo tu ukabaki nje, na mshono unafungwa kwa pigo moja fupi la cheche. Ni kazi ya sonara, isipokuwa sonara haulizwi kama kidani chake kinavuja.

Neli iliyofungwa, ambayo sasa ni kapsuli, hupimwa uzito, hulazwa kwenye joto linalozidi kidogo nyuzi 100, kisha hupimwa tena. Ikipungua hata kidogo, mvuke umetoka. Inatupwa, na kazi inaanza upya. Iliyofaulu hupelekwa kwenye mtambo wa kugandamiza. Wengi hutumia ule wa pistoni ambao Francis Boyd na Joseph England waliueleza mwaka 1960 kwenye Maabara ya Jiofizikia ya Taasisi ya Carnegie, Washington. Kapsuli huzungushiwa tanuru dogo la grafiti, nalo huzungukwa na chumvi au ulanga, na pistoni ngumu inasukuma mpaka mgandamizo unafikia mara 10,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Hiyo ni hali ya kilomita kama 35 chini ya miguu yetu.

Halafu ni kungoja. Saa, siku, wakati mwingine wiki, kwa sababu fuwele hazina haraka ya kupatana na uji wa mwamba ulioyeyuka unaozizunguka. Mwisho umeme unakatwa, na joto linaporomoka kwa sekunde chache. Haraka hiyo ni ya lazima: uji ukipoa ghafla hugeuka kioo, na chini ya hadubini kioo hicho kinakuonyesha ni kiasi gani kilikuwa kimeyeyuka. Ukipoa taratibu, fuwele mpya huota na kuuvuruga ushahidi.

Somo hilo la kupoza lilianzia Uskoti. Sir James Hall aliweka kando majaribio yake kwa kumstahi rafiki yake James Hutton, ambaye hakuamini kwamba siri za ardhi zinaweza kusomwa ndani ya kikombe cha kuyeyushia. Hutton alifariki mwaka 1797. Mwaka uliofuata Hall alikuwa tayari na habari. Mwamba uleule, ukiyeyushwa na kupozwa haraka, ulitoa kioo. Ukipozwa polepole, ulitoa jiwe.

Kisha akaligeukia jiwe la chokaa. Mchomaji chokaa yeyote wa pwani anajua kwamba jiwe hilo likichomwa peupe hewa ukaa hutoka, na kinachobaki ni chokaa. Je, hewa hiyo ikizuiwa? Hall alichukua chaki, jiwe laini la chokaa, akaijaza kwenye mitutu ya bunduki na kuiziba. Mitutu ikavuja, mingine ikapasuka. Alirudia mara zaidi ya 500, na mwaka 1805 alitangaza kwamba chaki imegeuka jiwe gumu mfano wa marumaru. Kusema kweli, sehemu kubwa ya miaka ile aliitumia kutafuta kizibo.

Kizibo hichohicho kiliamua ugomvi mwingine. Mwaka 1921 Mnorwe W. C. Brøgger aliandika kwamba miamba fulani ya kabonati huko Fen, nchini kwake, ilitokana na magma. Norman Bowen, bingwa wa majaribio, akapinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kalisaiti peke yake huhitaji zaidi ya nyuzi 1,300, tena chini ya mgandamizo, ndipo iyeyuke. Lakini Bowen huyohuyo, pamoja na O. F. Tuttle, alionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1958, kwamba itale yenye maji ya kutosha, ikigandamizwa, huanza kuyeyuka chini ya nyuzi 700, mamia kadhaa chini ya itale kavu. Mwaka 1960 Tuttle na Peter Wyllie wakaingiza maji kwenye kapsuli za kabonati, nazo zikatoa uji kwenye joto la nyuzi mia sita na kitu.

Mwaka huohuo, mwanajiolojia J. B. Dawson alikuwa juu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanganyika, akitazama lava nyeusi, nyepesi kama mafuta ya injini, ambayo ilithibitika kuwa kabonati. Vipimo vya mwaka 1988 viliipa joto la kati ya nyuzi 491 na 544.

Hadithi ingeweza kufungwa hapo na kupigiwa makofi, ila wenye kazi yao hawakuridhika, na nadhani walikuwa na haki. Kapsuli za 1960 zilikuwa na kabonati ya kalsiamu na maji. Lava ya Lengai imejaa sodiamu na potasiamu, na karibu haina maji. Ilibidi mtu aketi tena mezani na kupima unga mwingine. A. F. Cooper, John Gittins na Tuttle walichapisha matokeo hayo mwaka 1975, wakitumia kabonati za sodiamu, potasiamu na kalsiamu kavu, na miongoni mwa fuwele zilizotulia katika uji wao ilikuwamo nyerereiti, madini ya Lengai yaliyopewa jina la Mwalimu Nyerere.