Jangwani ni mfano mzuri, lakini Butembo tuanzie kwenye mabati

Wandugu wasomi, siku hizi wengi wetu tunatumiana picha za mpango wa bonde la Msimbazi, kule Dar es Salaam, na kuandika: "Na Kimemi yetu ifanyiwe hivyo." Nimeutazama ule mpango kwa macho ya agronome. Iko ya kusifu, na iko ambayo tukiiga vibaya itatuumiza.

Tuanze na sifa. Mafuriko ya Disemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Serikali ilihamisha familia nyingi Mabwepande, lakini watu waliendelea kukaa bondeni, na barabara ya Morogoro iliendelea kufungwa pale Jangwani mvua kubwa ikinyesha. Mpango uliokamilika 2019, ambao Benki ya Dunia iliupatia dola milioni 200 mwaka 2022, unakubali jambo moja la akili: mto unahitaji nafasi yake. Njia ya maji inapanuliwa, bonde linageuzwa bustani inayoruhusiwa kujaa, na udongo unaochimbwa unainua ardhi ya pembeni ili ijengwe.

Sasa lawama. Kwanza, ile ardhi iliyoinuliwa itakuwa ya nani? Wakaaji wa bondeni walilipwa na kuondoka, na manung'uniko juu ya fidia yalisikika mara nyingi. Bustani nzuri inapandisha bei ya kiwanja. Aliyevumilia mafuriko miaka yote, je, ataweza kurudi kupanga chumba pale?

Pili, kazi kubwa iko chini, karibu na bahari, lakini maji na mchanga vinatoka juu, upande wa Pugu na kwenye mitaa ya katikati.

Kwetu hilo la pili ni zito zaidi, ju Butembo ni vilima. Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Mabati ya mita mraba 80, mvua ya milimita 30: lita 2 400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Nyumba 100 za kilima kimoja: lita 240 000, na bado hatujahesabu barabara na viwanja vilivyokanyagwa mpaka vikawa vigumu. Yote yanateremka kwa wakati mmoja.

Na kule bondeni, bustani tayari tuko nayo: mashamba ya kabichi na lengalenga ya mama zetu. Maji yanatanda pale, udongo unayanywa polepole. Lakini mtu anapanda mikaratusi ili bwawa likauke, kisha anakata parsele na kuuza. Mama yangu mdogo aliondolewa kwenye kabichi zake hivyo hivyo. Leo kuna nyumba tatu pale, na moja inaingia maji kila msimu wa mvua.

Mtaniambia: vita vimejaza mji, watu walale wapi? Swali ni la haki. Ila anayemuuzia mkimbizi parsele ya bwawa anamuuzia mafuriko.

Basi tuanze juu. Kila parsele iwe na pipa au shimo la kupokea maji ya mabati. Kwenye mteremko tuchimbe mitaro inayokata kilima kwa usawa, na matete kwenye kingo zake. Wenye kukulia Kipese wanaijua hiyo kazi, wazee wetu waliifanya mashambani. Chini, bwawa libaki shamba, na wanaolilima wapewe karatasi inayowalinda.

Hayo hayangoji dola milioni 200. Salongo na majembe vinatosha kuanza. Kigumu ni kumpata mkubwa wa mtaa atakayekataa kutia sahihi bwawa linapouzwa. Na sisi wenye lisansi tuko wapi siku hiyo? Mara nyingi, tuko kati ya wanunuzi.