Hofu ya Chatu Iwe ya Watazamaji

Katika mashindano ya ngoma za Wasukuma, majaji ni watazamaji wenyewe. Vyama viwili hushindana: Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na kila mtu yuko huru kuhama. Waliovuta umati mkubwa ndio washindi. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye Bulabo, sherehe ya mwezi wa Juni pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Sijaona shule ya uigizaji iliyo kali kuliko hiyo, kwani hakuna anayekuuliza wewe unajisikiaje. Miguu ya watu ndiyo inayojibu.

Watazame Bayeye, wacheza na nyoka. Mchezaji amemkamata chatu nyuma ya kichwa, kiwiliwili kimemzunguka shingo na bega. Ngoma zinakwenda kasi, yeye anatembea taratibu, uso umetulia. Akisogea ukingoni mwa duara, watoto wanatimua mbio wakipiga kelele, kisha wanarudi, safari hii karibu zaidi. Angetetemeka yeye, watu wangemhurumia tu. Kwa kuwa hatetemeki, hofu inakuwa yao. Wala utulivu huo si ubaridi wa moyo: mkono unausikiliza msuli wa chatu, sikio liko kwa manju, jicho linapima umati.

Denis Diderot, Mfaransa wa karne ya 18, aliamini kwamba mwigizaji mkubwa huliza watu huku akili yake imetulia. Mrusi Konstantin Stanislavski alitaka mwigizaji achote kwenye kumbukumbu ya hisia zake. Filamu zetu nyingi zimelifuata la Mrusi nusunusu: mwigizaji anaangua kilio mapema, kamera imemganda usoni, mtazamaji hana alichoachiwa. Inaniuma, maana Stanislavski mwenyewe, miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki 1938, alikazania vitendo vya mwili. Wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, wanalijua hilo: jembe likisharushwa juu lazima lidakwe kwa mdundo, na furaha inazaliwa humo humo.

Kwa hiyo, kwenye filamu, mama wa mwaloni anayeambiwa kwamba mtumbwi wa mwanawe haujarudi asipewe machozi kwanza. Apewe dagaa wa kuanika. Aendelee kuwatandaza, mkono uanze kupoteza mpangilio, arudie pale pale alipokwisha kutandaza, na mwongozaji asikate picha mapema.